Shuka ya Kuzikia ya Mama Bukwe

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kazi ya nguo, wanangoja niseme Lubumbashi kwenye shule ya sanaa, au kwa masista. Mimi nawaambia ukweli, na wasipoupenda shauri yao. Nilijifunzia kwenye makalio ya suruali za mume wangu.

Mume wangu alifanya kazi kiwandani Shituru, katika ule ukumbi mrefu wenye mabeseni ya maji ya buluu ambamo shaba hushikana polepole juu ya mabamba. Maji yale yana asidi. Kila mke wa kambi yetu ya wafanyakazi aliijua asidi: tone likirukia suruali, leo ni doa, kesho ni tundu. Mume anatoka asubuhi na suruali nzima, anarudi na madirisha. Kwa hiyo nilikuwa mshona viraka kabla sijawa kitu kingine chochote. Mwanzoni nilitia viraka vya kawaida. Halafu nikachoka, maana mtu anayeshona kiraka cha mraba kila siku mwishowe anaanza kuichukia ndoa yake. Nikashona kiraka cha samaki, kingine cha jani la muhogo, kingine cha kuku anayetazama nyuma. Mume wangu akaenda kazini na kuku gotini na samaki kwenye tako la kushoto. Wenzake walimcheka juma zima. Juma la pili wake zao walikuwa mlangoni kwangu na suruali mikononi.

Ndipo ikaja ile miaka ya tisini, mambo yakaharibika. Kiwanda kikawa kinaamka siku mbili na kulala siku tano. Mshahara ukawa kitu cha kusimuliwa. Fwaye, ile nyumba ambamo sisi wake wa wafanyakazi tulifundishwa kushona na kufuma, ilifungwa kwa kufuli. Mtu akaiba kufuli. Baadaye wakaiba na mlango, fwaye ikawa wazi tena, lakini ndani hamna kitu. Uzi wa rangi haukuonekana tena sokoni Kikula. Nikajiambia kwamba kama duka halina rangi, pori linayo. Nikachukua kinga, ndiyo baiskeli yetu huku, nikafunga sufuria na panga, nikaanza kuzurura vilimani.

Pori lilinipokea vizuri kuliko duka lolote lilivyowahi kunipokea. Ganda la mulombwa, ule mti unaotoa utomvu mwekundu ukiukata, lilinipa wekundu wa tofali. Udongo wa kichuguu ulinipa kahawia. Matope meusi ya kijito, yakikutana na kitambaa kilicholala siku mbili katika maji ya magome, yalinipa weusi usiotoka hata kwa sabuni ya kipande. Nilijifunza kubandua ganda upande mmoja tu ili mti usife, na kuusalimu kwanza, kwa sababu ukikata bila salamu unajisikia mwizi. Rangi moja tu ilinikatalia, buluu. Juu ya vilima vya shaba, pale ambapo miti inakataa kuota, kuna maua madogo ya buluu yanayopenda udongo ule mkali. Nilichuma kikapu kizima, nikachemsha nusu siku, nikapata maji ya rangi ya chai iliyochujwa mara tatu. Niliyatukana yale maua, na mpaka leo sijayaomba msamaha.

Porini sikuwa peke yangu. Nyuma, kwenye kiti cha mizigo cha kinga, alikaa mama bukwe, yaani mama mzazi wa mume wangu, na mwavuli wake. Alikuwa amehamia kwetu baada ya kufiwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mdomo wake haukujua kupumzika. Alisema anakuja kunilinda na nyoka. Nyoka akitokea, yeye alibaki juu ya kinga na kunielekeza niruke upande gani. Tulipendana kwa kugombana: yeye alisema bukari yangu, ndiyo ugali wetu huku, ina madonge, mimi nilisema mwavuli wake unakamata upepo na kunimaliza miguu. Siku ambayo hakusema kitu, nilimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Huyu mama bukwe alikuwa na mali moja tu ya maana. Ilikuwa shuka nyeupe ya pamba nzito, ambayo marehemu mume wake alimletea kutoka Ndola enzi za uzima wake. Shuka ile ilikuwa ya kumzikia. Wala hakuificha habari hiyo. Mgeni akija, kabla ya kupewa maji ya kunywa, alionyeshwa shuka. Kila mwezi aliifua, akaianika, akaipiga pasi ya makala, yaani makaa, mpaka ikasimama yenyewe. Kisha alilala juu ya mkeka, akajifunika kuanzia kidole cha mguu mpaka utosini, na kutuita watu wote wa nyumba tuje kutazama kama inatosha. Mara ya kwanza, mwenzangu, nilitoka nje nikipiga yowe nikidhani amekufa kweli. Alifunua uso akaniambia niache kulia, nimwangalie miguu.

Chini ya mchezo ule kulikuwa na hofu. Aliogopa kuzikwa katika gunia. Miaka ile tulikuwa tumeyaona hayo: mtu aliyefanya kazi maisha yake yote anashushwa kaburini katika pazia la dirisha, na jamaa zake wanatazama pembeni kwa aibu. Mama bukwe alitania juu ya kila kitu, hata juu ya meno yake matatu, lakini juu ya hilo hakutania kamwe.

Sasa nije kwenye korali. Korali ya bamama, yaani kina mama, wa parokia yetu ilikuwa imepungua sauti. Majirani wetu wengi wenye asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa mkoani, wakapanda treni za kwenda Kasai na magodoro yao, na nafasi zao kwenye benchi hakuna aliyetaka kuzikalia. Tulibaki bamama kumi na mmoja. Prezidenti wa korali, mama mmoja mnene ambaye sauti yake ilisikika mpaka kituo cha treni, alisema kwamba kama hatuwezi tena kuwa wengi, basi angalau tufanane. Sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa kumi na mbili ilikuwa karibu. Alitaka sare, na sare iwe ya buluu ya Mama Maria. Vitenge vipya vilikuwa vimetushinda wote. Akaamua kila mmoja alete shuka nyeupe ya kitandani kwake, halafu fundi wetu wa rangi ataipaka. Wote wakanigeukia, wakanisifu. Hapo ndipo ningesema: bamama, buluu sina. Lakini mimi nikisifiwa, akili yangu inatoka nje kutembea. Nikasema buluu ni kitu kidogo.

Shuka kumi zikapatikana. Ya kumi na moja ndiyo iliyokuwa tatizo, maana mama bukwe naye alikuwa mwimbaji, tena wa mstari wa mbele, na shuka aliyokuwa nayo ni ile moja. Alisema yeye atasimama nyuma ya ngoma na nguo zake za kila siku. Siku mbili nzima hakuisema vibaya bukari yangu. Nilimgusa paji la uso, halikuwa na moto. Siku ya tatu alikuja akaniwekea shuka mapajani, imekunjwa, imepigwa pasi.

"Unirudishie nzima," akasema. "Ikuwe buluu, ikuwe rangi yoyote, Mungu ataniona tu. Lakini nzima."

Niliahidi. Niliapa hata kwa jina la marehemu baba yangu, ambaye hakuwa ameulizwa.

Kabla hajatoka aliniambia kitu kingine. Kijijini alikozaliwa wanawake walipata buluu kutoka kwenye jani. Yeye mwenyewe alikumbuka mikono ya bibi yake, ya buluu mpaka kwenye viwiko. Nilicheka. Nilimwambia: mama, jani ni la kijani, likitoa rangi litatoa kijani. Alikunja mwavuli wake akaenda zake. Mimi nilikuwa na maarifa ya mjini. Buluu ya kutosha kupaka mbingu ilikuwa imejaa kwenye mabeseni pale Shituru.

Nilimtuma mume wangu. Alikataa, akasema maji yale yanakula nguo. Nikamjibu kwamba yanakula suruali za wanaume kwa sababu wanaume hawajui kufua. Wala hili halikuwa wazo langu peke yangu. Wake wote wa kambi tuliamini hivyo. Tuliishi na yale matundu miaka yote, na kila mmoja wetu moyoni alijiambia kwamba tundu la mume wake lingezuilika kama angevua suruali upesi na kuiloweka. Basi mume wangu, mtu wa kupenda amani, akawa analeta maji yale nyumbani kidogo kidogo katika thermosi yetu ya harusi. Mlinzi wa mlangoni alidhani ni chai na kumtakia afya njema. Thermosi ile haikutoa tena chai ya kunyweka, lakini hiyo ni hasara ndogo katika hasara zote ninazokusimulia.

Nilichanganya maji yale na maji ya mvua katika beseni. Nilijaribu kwanza kwa kitambaa cha mkono. Ee Mungu wangu, ile buluu! Nikakisuuza vizuri, mara tatu, kama mtu mwenye busara, na buluu yote ikaondoka na maji, kitambaa kikabaki cheupe kinanicheka. Hapo mwenye busara angeacha. Mimi nikaelewa kwamba siri ni kutosuuza. Kwa hiyo shuka zote kumi na moja nilizisuuza mara moja tu, haraka, kama unavyosuuza sahani mgeni akiwa amekwisha kukaa. Nikazianika kivulini. Bamama walipokuja kuziona walipiga vigelegele, prezidenti akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Hakuna aliyeona tundu lolote, kwa sababu asidi ilikuwa bado imelala ndani ya pamba, inangoja moto.

Na moto ukaja. Prezidenti alitangaza kwamba kila mmoja aipige sare yake pasi barabara. Mume wangu alijua nini kinatokea nguo ile ikikutana na pasi, lakini alikuwa ameambiwa hajui kufua, kwa hiyo alinyamaza. Mama bukwe alipiga pasi kuliko wote. Alipiga upande wa ndani na upande wa nje, akaongeza makala, akarudia.

Sikukuu ilianza vizuri. Tuliingia kanisani kumi na mmoja, tumejifunga ile buluu kuanzia kifuani, na watu wakaguna kwa furaha. Wimbo wa kuingia ulipita salama. Katika wimbo wa Utukufu nikasikia sauti ndogo upande wa prezidenti, kwenye nyonga, kama mtu anavunja biskuti. Alinitazama bila kuacha kuimba. Halafu ikaja matoleo, na matoleo kwetu hayatembei, yanacheza. Tulitoka na vikapu vya unga na mihogo vichwani, na kila hatua ya kucheza kitu kilidondoka. Shuka hazikupasuka kama nguo inavyopasuka. Zilimomonyoka. Vipande vya buluu vilibaki nyuma yetu kwenye njia ya katikati, na mzee mmoja mcha Mungu akaviokota akidhani ni maua tunayomrushia Mama Maria. Tulirudi mahali petu kinyumenyume, tukibana mikono, tukasimama wote migongo ukutani, na pale ukutani tukaimba mpaka mwisho. Komunyo ilipofika hakuna aliyethubutu kutoka. Watu walitazama korali nzima haikomuniki, bamama kumi na mmoja, wakaanza kujiuliza tumefanya dhambi gani pamoja.

Ningecheka na mimi, na baadaye nilicheka sana. Lakini wakati wa baraka ya mwisho mama bukwe alipiga magoti, na shuka yake ikaachana kuanzia kifuani mpaka chini, kimya kabisa, yote mara moja. Alibaki na gauni la ndani, na kwenye ubavu wa gauni lile kuku wangu anayetazama nyuma. Hakunitazama. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavipanga juu ya mkono wake kwa ukubwa. Prezidenti akasimama mbele yake kumkinga, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na cha kujikinga.

Njiani tulitembea tumejifunika mifuko ya unga ya watu waliotuhurumia. Nilimngoja anitukane. Ningempa chochote anitukane. Tulivuka reli, tukapita soko, tukafika mlangoni kwetu, ndipo akasema.

"Sasa mutanizika na nini?"

Niliingia jikoni nikalia kwa aibu mpaka kamasi zikanitoka. Tangu siku ile alivilaza vile vipande chini ya mto wake na hakulala tena kwenye mkeka kutuuliza kama inatosha. Mkeka ulisimama ukutani. Bamama wa korali wakaniletea vitambaa vyao vilivyobaki, kikapu baada ya kikapu. Prezidenti alituma mtu kuniambia kwamba amenisamehe ila asingenisalimu kwa sasa. Nilivitazama vikapu vile majuma mawili. Mwishowe nikaenda kwa mama bukwe, nikapiga magoti, nikamwomba anipeleke kijijini kwao kwenye lile jani.

Akaniambia kwamba jani ni la kijani. Halafu akainuka kutafuta mwavuli.

Tulipanda treni ya mizigo ya kuelekea Tenke, juu ya magunia, na abiria wengine kama ishirini ambao wote hawakutakiwa kuwamo. Siku ya kwanza katikati ya pori treni ikasimama. Dereva akafungua kichwa cha treni, akatuambia kinahitajiwa kuvuta treni nyingine, kitarudi. Kikaondoka tukikitazama. Kilirudi baada ya siku mbili. Katika siku zile mbili mama bukwe alijifanya mkubwa wa behewa: aliwagawia watu zamu za kuchota maji, aliwafundisha wimbo wa sauti nne, na alimfukuza kwenye wimbo mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anateleza chini ya sauti ya wenzake. Mvua za mwezi wa kwanza zilikuwa zimeamsha uyoga, wa njano, wa rangi ya chungwa, mwingine mkubwa kuliko kofia ya padri, na yeye aliujua wote, upi wa kula na upi wa kumpa adui. Tulikula uyoga siku mbili. Mimi nilizunguka miti nikikusanya maganda na kunusa mizizi, na kwa mara ya kwanza tangu sikukuu nikasikia moyo wangu unakaa mahali pake. Alianza tena kunielekeza niruke upande gani. Nilishukuru Mungu.

Kutoka kituoni tulitembea nusu siku hadi kwa mudogo wake, bibi kizee mwenye macho ya kucheka. Mama bukwe alimsimulia habari ya kanisani. Yule bibi alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, akaomba asimuliwe tena, akaita majirani, ikasimuliwa mara ya tatu nami nimekaa pale. Kisha akaniuliza kama kweli tumesafiri siku zote hizo kwa ajili ya jani. Akatoka nje, nikadhani anakwenda mbali. Alirudi kabla sijamaliza maji yangu, na kijiti mkononi, majani madogo madogo na maganda membamba ya mbegu.

"Hii?" akasema. "Hii iko fasi yote."

Kweli, ilikuwa mahali pote. Niliitambua. Iliota nyuma ya choo chetu Shituru, kandokando ya reli, na mimi mwenyewe niliing'oa kila Jumamosi nikiilaani kwa kuwa inaziba njia.

Lakini jani peke yake si kitu, alisema. Kazi iko kwenye chungu. Alitufundisha kuyaponda majani, kuyaacha yaoze katika maji ya majivu, na kutia mkojo, tena mkojo mkuukuu, uliokaa. Tulikaa kwake zaidi ya juma moja, na harufu ya kile chungu sitaieleza kwa watu waliokula. Siku ya kuchovya alizamisha kitambaa, akahesabu pumzi zake, akakitoa. Kilikuwa cha kijani. Kijani kabisa! Mama bukwe akanitazama, mimi nikamtazama, na nilijua nimeshinda na sikutaka kushinda. Yule bibi akatuambia tungoje. Na mbele ya macho yetu, katika hewa tu, kile kijani kikaanza kugeuka, kikaingia giza kuanzia pembeni kwenda katikati, kikawa buluu. Nilishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mama bukwe alinipa mwavuli wake niushike, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Yule bibi alinifundisha tena kwamba maji ya majivu yanaua ukali wa asidi. Kwa hiyo tuliporudi nilivifua vile vitambaa vya vikapuni katika majivu mara nyingi, nikachagua vilivyobaki na nguvu: pindo, kona, mahali ambapo kitambaa kilikuwa mara mbili. Nikaenda kwa bamama wa korali kuwaomba msaada wa mwisho, na nikasema ni msaada gani. Aliyekuja wa kwanza alikuwa prezidenti, na chupa ameifunika kitambaa cha meza. Baada ya hapo walikuja wote, kila asubuhi, kwa mstari, na chupa zao, wakisalimiana kwa heshima kama watu wanaokwenda ibadani. Jirani mmoja alieneza habari kwamba tumefungua maabara ya hospitali, na watu wawili wakaja kutaka majibu yao. Mume wangu alihamishia kitanda chake barazani.

Nikakata. Nikachovya. Nikashona. Vitambaa vyenyewe vilikuwa dhaifu, vilihitaji mgongo, na mgongo wa gunia singeutia hata kwa kushikiwa bastola. Nikachukua suruali zote kuukuu za mume wangu za kiwandani, turubai ile ngumu, nikakata pale ambapo asidi haikufika. Juu yake nikavipanga vipande vya shuka kumi na moja, vingine vya buluu iliyokolea, vingine vya buluu hafifu, na vile vya mama bukwe, alivyovitoa chini ya mto mwenyewe, nikaviweka katikati. Ilinichukua miezi minne. Pembeni chini nilimtia kuku anayetazama nyuma, kwa sababu fundi lazima atie sahihi.

Nilimtandikia mkeka. Alilala, nikamfunika kuanzia kidole cha mguu mpaka utosini, na watu wote wa nyumba wakaja kutazama. Sauti ikatoka chini ya shuka.

"Iko muzito," akasema. "Nitasikia joto. Lakini inatosha."

Tulipoianika uani watu walianza kuja kuitazama, na habari zikafika Lubumbashi, na watu wa maonyesho wakatuma barua kuiomba. Mama bukwe alikubali kwa sharti moja, kwamba anakwenda nayo. Wakaitundika ukutani katika jumba la watu wakubwa, na chini yake, siku zote za maonyesho, akakaa yeye juu ya kiti na mwavuli wake, akimwambia kila aliyesogea kwamba hii ni yake ya kuzikwa nayo na asiguse. Bwana mmoja mwenye tai alitaka kuinunua. Mama bukwe akamuuliza yule bwana, kwa upole, kama yuko tayari kuvua suti yake siku yeye bibi atakapokufa, azikwe nayo. Bwana alikwenda kutazama sanamu. Mimi nilisimama kando nikiona haya na majivuno kwa pamoja. Aliniambia usiku ule kwamba kazi yangu ni nzuri, ila bukari yangu bado ina madonge.

Alifariki miaka michache baadaye, mvua zikiwa zimeanza, akiwa kitandani kwake. Bamama wa korali walikuja wote na kila mmoja akaitafuta sehemu yake katika ile shuka, akaijua kwa pindo, akaishika. Shuka ilikuwa imekaa sandukuni muda mrefu, imejaa mikunjo. Najua alivyopenda kitu kilichonyooka. Niliwasha makala, nikajaza pasi, nikasubiri ishike moto, na ilipokuwa tayari nikaitazama, nikakumbuka kanisani, nikaitoa ile pasi nje na kuimwagia maji.

Tulimfunika na mikunjo yote. Watu wote wa nyumba wakaja kutazama. Nilikuwa napiga yowe kama ile siku ya kwanza, mpaka nikakumbuka aliloniagiza. Nikaacha kulia, nikamwangalia miguu. Ilikuwa imefunikwa.